Nimeligusa

Nyuma ya kiwanda cha barafu, Kurasini,
bosi alituachia chumba
kwa sharti moja: swichi tusiiguse.
Tulimwaga maji ndoo kwa ndoo,
tukayakesha hadi yakaganda,
na Engelbert akachora nyumba juu yake,
duara ndani ya duara ndani ya duara,
kwa rangi iliyobaki kwenye geti la shemeji yake.

Wanasema maji yakimwagika hayazoleki.
Sisi tuliyazoa kila Alhamisi, kwa mapande,
tukayapakia kwenye guta la Nguvumali
yakapoze samaki wa watu.

Mawe hatukuwa nayo.
Tulimimina zege kwenye sufuria za ubwabwa,
tukapachika vishikio vya pasi mbovu.
Ukilisukuma, jiwe linanguruma
kama tumbo la aliyefunga, saa kumi alasiri.

Wanawake wawili, wanaume wawili,
ndiyo sheria ya timu mchanganyiko.
Sikudhani nahodha. Engelbert makamu.
Mimi na Chausiku, wafagiaji.

Mama alichungulia dirishani, saa tatu ya usiku,
akamwona mwanawe wa kiume na ufagio.
"Pazi! Usiku hakufagiwi. Wafukuza riziki."
Nikamwambia, Mama, tunalifagilia jiwe.
"Jiwe nalo linataka sifa?"

Mwezi wa tatu umeme ukakatika siku mbili.
Uwanja wetu ukatoka wenyewe
chini ya mlango, pasipo kuaga,
ukakata barabara, ukaingia mtaroni.
Tuliusindikiza kwa macho
kisha tukarudi kuchukua ndoo.

Ng'ambo nitaieleza kwa ufupi.
Mawe ya huko yanateleza kama uongo mtamu.
Mechi ya kwanza, kumi na tatu kwa bila.
Ya pili sitaisema.
Ya mwisho tulikutana na wenzetu wa mkiani,
sita kwa sita, na jiwe la mwisho letu.

Sikudhani akapiga goti, akaliachia.
Likaja likijikunja taratibu
kama mgeni anayesoma namba za milango.
Tukalifagilia, mimi na Chausiku,
mabega yakiwaka moto juu ya barafu,
Engelbert akipiga kelele za Kingoni
ambazo hata yeye hakujua bado anazo.
Likaingia nyumbani. Likakaa katikati.

Watu wakapiga makofi.
Nami nilikwisha kumkumbatia mtu nisiyemjua
Chausiku alipoinua mkono.

"Nimeligusa."

Unyoya mmoja wa ufagio.
Sikuuona, nami nilikuwa ubavuni mwake.
Wapinzani hawakuuona.
Mchezo ule hauna filimbi ya kukushika;
unajishika mwenyewe.
Jiwe likaondolewa. Tukafungwa.
Wale walioshinda wakatununulia chai,
ndiyo desturi yao,
na hakuna aliyeweza kumaliza kikombe.

Tuliporudi, Kurasini nzima ilikuwa na swali moja.
Bosi: "Angenyamaza, angekufa?"
Mlinzi: "Ukweli haupandi ndege, dada,
umeupeleka mbali wa nini?"
Chausiku hakujibu. Alikuwa zamu,
kalamu sikioni, anahesabu mapande.
Guta lilikwisha fika kona
alipotoka mbio na kandambili:
"Nguvumali! Rudi! Nimekupunja moja!"

Mama naye hakuuliza mabao.
Aliuliza, "Huyo binti, mkono wake,
alipouinua, haukutetemeka?"
Nikasema, ulitetemeka sana.

Akanyamaza, akaendelea kuchambua mchele.
Nje kiza kilikwisha kuingia,
majirani wamefunga madirisha.
Akainuka, akafungua mlango wa uani,
akarudi na ufagio wa chelewa,
akanikabidhi.

"Sebule imejaa mchanga," alisema.
"Anzia pale kwenye kona."